Baraza la Seneti na Kazi Zake za Kila Siku

Mtu akaaye Kaloleni, Jericho au Kayole, bomba la maji machafu likipasuka mbele ya mlango wake, hujua kwamba yampasa amwendee mwakilishi wa wadi. Akitaka mwanawe asaidiwe karo humwendea mbunge. Lakini ukimwuliza Seneta wake hufanya kazi gani, mara nyingi atanyamaza kidogo, kisha atakujibu kwamba Seneta ni mkubwa anayeonekana katika televisheni siku gavana fulani anaposhitakiwa. Jibu hilo si la uongo, ila ni kipande kidogo tu cha habari yenyewe. Katika makala haya tutaeleza Baraza la Seneti ni kitu gani, siku yake hupita namna gani, na mtu wa mtaani aweza kulitumia kwa njia gani.

Kwanza yafaa tujue kwamba Seneti si jambo geni katika Kenya. Nchi ilipopata madaraka, Juni 1, 1963, Bunge lilikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya chini ilikuwa Baraza la Wawakilishi, na ya juu ilikuwa Seneti yenye wajumbe 41, yaani mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Spika wake alikuwa Bwana Timothy Chokwe, mtu wa Pwani, na Seneta wa Nairobi alikuwa Bwana Clement Lubembe, aliyejulikana sana miongoni mwa vyama vya wafanyakazi. Kabla ya hapo watu wa mitaa ya mashariki walikuwa wamezoea kufanyia mashauri yao katika ukumbi wa Kaloleni, ambamo mikutano ya siasa ya Waafrika ilifanywa katika miaka ya 1940 na 1950, na wazee wa mtaa huo hata leo huuita bunge lao la kwanza.

Seneti ile haikukaa sana. Ilikuwa imewekwa ili kulinda serikali za majimbo, na majimbo yalipoondolewa, nayo ikakosa wa kuitetea. Mwisho wa mwaka 1966 nyumba mbili ziliunganishwa kuwa moja, na Seneti ikatoweka kwa zaidi ya miaka arobaini. Ilirudishwa na Katiba iliyotangazwa Agosti 27, 2010, na maseneta wa kwanza wa Katiba hiyo walichaguliwa katika uchaguzi wa Machi 2013.

Sasa Seneti ina maseneta 47 waliochaguliwa na wapiga kura, mmoja kwa kila kaunti. Wanawake 16 walioteuliwa na vyama. Vijana wawili, mwanamke na mwanamume. Na wawili wa kuwasemea watu wenye ulemavu, vivyo hivyo mwanamke na mwanamume. Ukimwongeza Spika, ambaye si seneta wala hapigi kura ya kawaida, utapata jumla ya watu 68.

Hapo watu wa Nairobi huwa na swali, nalo ni swali la haki. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na Lamu ilikuwa na watu 143,920. Je, yawezekanaje Lamu iwe na seneta mmoja na Nairobi yote, toka Dandora mpaka Karen, iwe na mmoja vilevile? Jibu ni kwamba Seneti haikuundwa ili kuhesabu vichwa vya watu. Kazi hiyo ni ya Baraza la Taifa, ambamo Nairobi ina wabunge 17 wa maeneo na Lamu wawili. Seneti ni mahali ambapo kaunti hukutana kama ndugu wa nyumba moja, na mdogo ana neno sawa na mkubwa. Mtu aweza kuupenda mpango huo au asiupende, lakini bila kuufahamu hataelewa lolote la Seneti.

Tuje sasa kwenye siku yenyewe ya kikao. Seneti hukutana siku za Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa nane na nusu mchana, katika majengo ya Bunge, na Jumatano huwa na kikao cha asubuhi pia. Saa ikifika, Spika huingia kwa maandamano mafupi, na mbele yake mpambe amebeba rungu la Seneti. Rungu hilo wengine huliita siwa, kwa jina la ile baragumu kubwa iliyokuwa ikipulizwa katika sherehe za watawala wa Pate na Lamu. Si pambo. Rungu likiwa mahali pake, Baraza limeketi kwa sheria. Lisipokuwapo, wale walio ndani ni watu wanaozungumza tu. Maombi husomwa, kisha watu huhesabiwa. Wakiwa chini ya 15 kikao hakiwezi kuanza, na kengele hupigwa ili walio katika veranda na vyumba vya chai waje haraka.

Mambo ya siku huandikwa katika karatasi maalumu, na hufuatwa kwa utaratibu uleule kila mara. Spika hutoa matangazo yake na ujumbe uliotoka Baraza la Taifa. Yafuata malalamiko ya wananchi, ambayo tutayaeleza zaidi baadaye, kisha hati zinazowekwa mezani, kama vile ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Seneta aweza kusimama akaomba kamati fulani itoe maelezo juu ya jambo la kaunti yake, mathalani hospitali isiyo na dawa au barabara iliyoachwa nusu. Tangu mwaka 2023 mawaziri nao huitwa kuja kujibu maswali mbele ya Baraza zima. Baada ya hayo ndipo miswada na hoja hujadiliwa.

Seneta aweza kusema kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini akianza kwa lugha moja hana budi kumaliza kwa hiyohiyo. Hawezi kuanza kwa Kiswahili akaruka Kiingereza katikati, kama tufanyavyo katika matatu za Barabara ya Jogoo. Wengi husahau, na Spika huwakumbusha. Aidha kila mtu husema na Spika, hata kama maneno yanamchoma mwenzake aliyeketi upande wa pili.

Mswada husomwa mara tatu. Mara ya kwanza husomwa jina lake tu, kisha hupelekwa kwa kamati, ambayo ni lazima iwaulize wananchi maoni yao. Mara ya pili maseneta hujadili nia yake. Kisha Baraza zima hugeuka kuwa kamati, na kila kifungu huchunguzwa peke yake. Hapa ndipo neno moja laweza kuwashika watu alasiri nzima. Mara ya tatu mswada hupitishwa au hukataliwa. Lakini Seneti haishughuliki na kila sheria. Hushughulika na sheria zinazohusu kaunti, na kwanza maspika wawili hupaswa kukubaliana kama mswada unazihusu kaunti au hauzihusu. Wamewahi kutoelewana. Mwaka 2013, Baraza la Taifa lilipotaka kugawa mapato bila Seneti, shauri lilifika Mahakama Kuu Zaidi, ambayo Novemba 1, 2013 ilisema kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa.

Kura pia zina namna mbili, na hili huwachanganya watu. Katika mambo ya kawaida Spika huuliza, nao husema "Ndiyo" au "La". Lakini jambo linapohusu kaunti, hazihesabiwi kura za watu, bali za kaunti. Karani huita jina la kila kaunti, na kiongozi wa ujumbe wake, ndiye yule seneta aliyechaguliwa, husimama na kujibu kwa niaba ya wote waliojiandikisha kupiga kura katika kaunti hiyo. Kura ni 47, na jambo halipiti mpaka lipate 24.

Nguvu ya kura hizo ilionekana mwaka 2020. Katiba inasema kwamba kaunti zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Seneti ndiyo inayoweka kipimo cha kuyagawa kati ya kaunti 47, kipimo kinachodumu miaka mitano. Kaunti zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu ipewe uzito mkubwa. Kaunti za Kaskazini na za Pwani, zilizo na nchi pana na watu wachache, ziliona kwamba zingenyang'anywa mabilioni. Vikao vilivunjika mara kwa mara bila maafikiano. Agosti 17, 2020 maseneta watatu walikamatwa na polisi asubuhi ya siku ambayo kura ilitazamiwa kupigwa, na Baraza likakasirika hata likaacha kura na kuunda kamati ya watu 12 ili kutafuta suluhu, mmoja wa wenyeviti wake wawili akiwa Johnson Sakaja, aliyekuwa Seneta wa Nairobi. Septemba 17 wakapatana: kipimo kipya kisianze kutumika mpaka fedha za kaunti ziongezwe, ili isiwepo kaunti ya kupoteza hata shilingi moja. Wakati wa mabishano hayo fedha zilikwama, na msomaji aliyekwenda zahanati ya kaunti miezi ile atakumbuka jinsi wauguzi walivyolalamika kuhusu mishahara.

Kazi nyingine ni kumhukumu gavana. Madiwani wa Baraza la Kaunti wakipitisha mashitaka kwa theluthi mbili, gavana bado hajaondoka. Seneti huyasikiliza mashitaka hayo ama kwa kamati ya watu 11, ama katika Baraza zima, na mawakili wa pande zote mbili husimama kama mahakamani. Nairobi imeliona jambo hilo karibu. Mike Sonko, ambaye alikuwa mbunge wa Makadara, kisha Seneta wa Nairobi, kisha gavana, alishitakiwa mbele ya Seneti ileile alimokuwa ameketi. Desemba 17, 2020 kaunti 27 zilisema ndiyo, 16 zilisema la, na mbili hazikuchagua upande. Usiku huohuo akawa si gavana tena.

Lakini siku za namna hiyo ni chache. Kazi iliyo kubwa zaidi hufanywa asubuhi katika vyumba vya kamati, ambamo magavana huketi na vitabu vyao vya hesabu na kuulizwa fedha zilikwenda wapi. Hakuna nderemo humo, na waandishi wa magazeti hawajai, ila mtu akitaka kujua mahali kodi yake ilipopotelea, afadhali asome ripoti moja ya kamati hizo kuliko kusikiliza hotuba kumi za uwanjani.

Tumesema tutaeleza malalamiko. Katiba humpa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi la maandishi. Tuseme wapangaji wa nyumba za kaunti katika Bahati au Maringo wanalipa kodi kila mwezi na paa zinavuja, na hakuna anayewasikiliza. Nyumba za namna hiyo ni shauri la kaunti. Kwa hiyo kwanza wataandika kwa ofisi ya kaunti, au watapeleka ombi lao kwa Baraza la Kaunti, na watazitunza nakala za barua zao. Wasipofanya hivyo mlango wa Seneti utakuwa mzito, kwa maana ombi lenyewe hupaswa kueleza ni juhudi gani zilizokwisha kufanywa, na majibu yalikuwa nini.

Ombi laweza kuandikwa kwa mkono au kwa mashine, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Liwe na lugha ya adabu, lisiwe na maneno yaliyofutwafutwa, liseme kama jambo hilo liko mahakamani au haliko, na mwisho wake liseme wazi wanataka Seneti ifanye nini. Wengi hukosea hapo mwishoni: hulia kurasa tatu, kisha hawaombi kitu. Kila mwenye ombi huandika jina lake, anwani yake na nambari ya kitambulisho, na kutia sahihi. Asiyejua kuandika hutia dole gumba. Hupelekwa kwa Karani wa Seneti, au hupewa seneta ili aliwasilishe yeye.

Karani huchunguza kama limefuata sheria. Likiwa limefuata, husomwa katika Baraza, maseneta hulisemea kwa muda usiozidi nusu saa, na Spika hulipeleka kwa kamati inayohusika. Kamati ina siku 60 za kutoa jibu. Yaweza kumwita mkuu yeyote wa kaunti na kumtaka alete hati, kwa kuwa ina uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi, na mara nyingi huwaita pia wenye ombi waje waseme wenyewe. Seneti haina mafundi wala mabati ya kuezekea, na haiwezi kumlipa mkandarasi. Iwezalo ni kuandika ripoti inayotaja jambo, ofisi inayohusika na muda wa kulitengeneza, na kuiweka mezani mbele ya nchi nzima. Baada ya hapo Karani humwandikia mwenye ombi barua kumweleza uamuzi uliofanywa, na barua hiyo wapangaji wa Bahati wataichukua na kurudi nayo katika ofisi ileile ya kaunti walikoanzia.