Saa isikupangie chakula wala dawa

Siku hizi saa zinazohesabu hatua na kalori hazivaliwi Nairobi na Mombasa pekee. Hata Kalobeyei, Turkana Magharibi, mgonjwa wa kisukari anaweza kumwuliza daktari: "Saa inasema nimetumia kalori 600. Je, nipunguze insulini?"

Usipunguze kwa neno la saa. Saa haipimi kalori, hukisia tu. Ndani yake mna kifaa kinachotambua mkono unavyotikisika, na taa inayomulika ngozi ili kuhesabu mapigo ya moyo. Habari hizo huchanganywa na umri, uzani, kimo na jinsia yako.

Hapo ndipo kosa huingia. Mama aliyebeba mtungi wa lita 20 kichwani, akiushika kwa mikono, hutumia nguvu nyingi, lakini saa huona mkono uliotulia. Anayesukuma mkokoteni ni vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, jua la Turkana huongeza mapigo ya moyo hata kazi ikiwa ndogo, na saa hudhani umejituma.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichunguza aina 7 za saa kwa watu 60. Aina 6 zilihesabu mapigo ya moyo kwa kosa lisilofika asilimia 5. Katika kalori, iliyo bora ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyo mbaya asilimia 93. Kwa kosa la asilimia 27, kalori zako 600 huenda ni 470, au 820.

Kipimo cha kuaminika ni kunywa maji maalumu yenye hidrojeni na oksijeni nzito, kisha mkojo hupimwa kwa siku kadhaa. Kwa njia hiyo, utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa Wahadza wa Tanzania, wanaotembea mno, hutumia kalori kwa siku karibu sawa na watu wa Marekani na Ulaya, ukizingatia ukubwa wa mwili. Basi usiongeze ugali kwa sababu saa imekusifu.

Tumia saa kulinganisha mwenendo wako wa wiki hii na wiki iliyopita. Lenga angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ikiwa unatumia insulini, pima sukari kabla na baada ya mazoezi, na ubebe kitu kitamu. Ukitetemeka, kutokwa na jasho la ghafla au kuchanganyikiwa, kila mara kula sukari kwanza, kisha nenda kliniki. Kipimo cha dawa kibadilishwe na daktari wako.