Je, Wajua? Skrubu Ndani ya Piano

Je, wajua kwamba kabla ya kupiga Sonatas and Interludes ya Mmarekani John Cage, mpiga piano huinamia nyuzi kwa saa mbili au tatu, akichomeka bolti, nati, skrubu, plastiki na vipande vya mpira katikati yake? Hata kifutio cha penseli kimo. Noti 45 kati ya 88 huandaliwa hivyo, nyingine zikaachwa kama zilivyo.

Chanzo cha mbinu hii kilikuwa ufinyu wa nafasi. Cage alikuwa akipigia madarasa ya dansi piano katika Shule ya Cornish, Seattle, mcheza dansi Syvilla Fort alipomwomba muziki wa dansi yake. Alitamani kundi zima la ngoma na vyuma, lakini ukumbi ulitosha piano tu. Akajaribu kutia vitu ndani yake: misumari ikateleza, skrubu zikashika.

Sonata 16 na vipande 4 vya kati vya Sonatas and Interludes alivitunga baadaye, mwaka 1946 hadi 1948, katika kipindi ambacho Mhindi Gita Sarabhai alimfundisha muziki wa Kihindi. Nia ya Cage ilikuwa kueleza hisia za kudumu zinazotajwa katika sanaa ya India, ambazo zote huelekea kwenye utulivu. Mpiga piano Maro Ajemian, aliyetunukiwa kazi hiyo, aliipiga Carnegie Hall mwaka 1949, kisha akairekodi kwa Dial, kampuni iliyokuwa imetoa santuri za jazi za Charlie Parker.

Linalonivutia zaidi ni hili: jedwali la Cage la kuandaa piano linataja kila kitu kikae umbali gani, lakini vipimo alivichukua kwenye piano yake, Steinway. Piano nyingine ina nyuzi za urefu mwingine, kwa hiyo skrubu ile ile hutoa mlio mwingine. Tena kuna pedali ya kushoto. Noti nyingi zina nyuzi tatu. Ukikanyaga pedali hiyo, nyundo husogea pembeni na kugonga mbili, na noti iliyokuwa ikidunda kama ngoma yaweza kulia kama kengele. Ndiyo maana naona hakuna rekodi moja ya kazi hii inayotosha. Sikiliza ya Ajemian, kisha ile ya Mwingereza John Tilbury ya miaka ya 1970. Anza na Sonata ya Tano, ambayo ni fupi, uilinganishe noti kwa noti.