Kuzidisha kasi ya prosesa kwa barafu kavu

Kuzidisha kasi ya prosesa kwa barafu kavu ni kuifanya prosesa ya kompyuta ifanye kazi kwa kasi kubwa kuliko ile iliyopangwa na kiwanda, huku ikipozwa kwa barafu kavu, yaani dioksidi kabonia (CO2) iliyoganda. Barafu hiyo huwa na halijoto ya takriban −78.5 °C. Kazi hii hufanywa na wapenzi wa kompyuta kwa muda wa saa chache tu, ili kupima kikomo cha chipu au kushindania rekodi. Prosesa za zamani, hasa zile za kati ya mwaka 1998 na 2006, hupendwa kwa sababu bei yake ni ndogo, zikiharibika hasara si kubwa, na nyingi huitikia baridi vizuri.

Baridi yenyewe haiongezi kasi. Kinachoongeza kasi ni kubadilisha mpangilio wa saa na volteji ya prosesa. Baridi huruhusu mabadiliko hayo yafanyike bila chipu kukosea hesabu au kuungua. Anayeelewa jambo hilo ataelewa pia kwa nini kasi ya saa ya kompyuta za kawaida iliacha kupanda haraka baada ya mwaka 2004.

Saa ya prosesa

Kila prosesa hufuata mapigo ya umeme yanayoitwa saa. Megahezi 1 ni mapigo milioni 1 kwa sekunde, na gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Kwa kila pigo, transista zinazohusika lazima zimalize kubadilisha hali yake kabla ya pigo linalofuata. Pigo likija mapema mno, jibu linakuwa si sahihi, na kompyuta hukwama au hujizima.

Katika prosesa nyingi za kipindi hicho, kasi ilipatikana kwa kuzidisha namba mbili: saa ya bodi mama na kizidishio kilichowekwa ndani ya prosesa. Mfano mashuhuri ni Intel Celeron 300A iliyotoka mwaka 1998. Saa ya bodi ilikuwa megahezi 66.67 na kizidishio kilikuwa 4.5, hivyo kasi yake ilikuwa megahezi 300. Kizidishio kilikuwa kimefungwa na kiwanda, lakini saa ya bodi iliweza kupandishwa hadi megahezi 100. Hapo 100 × 4.5 ikatoa megahezi 450. Chipu nyingi za aina hiyo zilistahimili kasi hiyo kwa feni tu, na prosesa ya bei nafuu ikakaribia uwezo wa Pentium II ya megahezi 450, iliyouzwa kwa bei kubwa zaidi.

Nafasi hiyo inatokana na jinsi chipu zinavyotengenezwa na kuuzwa. Kiwanda huacha akiba ya usalama kwa kuwa kompyuta inatakiwa kufanya kazi miaka mingi, hata katika chumba chenye joto na vumbi. Tena, chipu zilizokatwa kwenye kisahani kimoja cha silikoni hazilingani kabisa, na soko likihitaji nyingi za bei nafuu, hata zile bora huuzwa kwa kasi ndogo. Kufungwa kwa kizidishio kulisaidia pia kuzuia udanganyifu wa wafanyabiashara waliofuta maandishi juu ya prosesa na kuziuza kama za kasi kubwa zaidi.

Historia

Kuzidisha kasi kulianza kabla ya barafu kavu kutumika. Kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikuwa na prosesa ya megahezi 6. Baadhi ya watumiaji waling'oa fuwele ya kwazi iliyotoa mapigo ya saa na kuweka nyingine ya kasi zaidi.

Kupoza kompyuta kwa baridi kali nako hakukuanza kama mchezo. Katika miaka ya 1980 kampuni ya ETA Systems ya Marekani ilitengeneza kompyuta kubwa iliyoitwa ETA10, ambayo katika matoleo yake ya juu saketi zilizamishwa ndani ya nitrojeni majimaji ili zifanye kazi kwa kasi zaidi. Baadaye kampuni ya KryoTech, nayo ya Marekani, iliuza kompyuta za mezani zilizopozwa kwa mtambo kama wa friji. Mwaka 2000 ilikuwa na kompyuta yenye prosesa ya AMD Athlon iliyofikia gigahezi 1.

Wapenzi wa kompyuta walifuata njia hiyo kwa vifaa vya kujitengenezea. Barafu kavu ikawa hatua ya kati: ni baridi kuliko friji yoyote ya nyumbani, lakini haihitaji mitungi maalumu kama nitrojeni majimaji yenye −196 °C.

Kwa nini baridi inasaidia

Joto linalotolewa na transista zinapobadilisha hali hukadiriwa kwa kanuni hii:

P = C × V² × f

Hapa P ni nguvu kwa wati, C ni uwezo wa saketi kuhifadhi chaji, V ni volteji, na f ni kasi ya saa. Volteji imezidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo ongezeko dogo la volteji huleta ongezeko kubwa la joto.

Tuchukue mfano wa Pentium 4 ya gigahezi 2.4, yenye saa ya bodi ya megahezi 200 na kizidishio cha 12. Saa ya bodi ikipandishwa hadi megahezi 300, kasi inakuwa gigahezi 3.6, yaani mara 1.5. Ili transista ziwahi mapigo hayo, tuseme volteji inapandishwa kutoka 1.5 hadi 1.8, yaani mara 1.2. Joto basi linaongezeka mara 1.5 × 1.2 × 1.2, sawa na mara 2.16. Ikiwa mwanzoni chipu ilitoa wati 66, sasa itatoa wati 143 hivi. Kasi imeongezeka kwa nusu, lakini joto limezidi maradufu, na lote linatoka kwenye kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Baridi husaidia kwa njia tatu. Kwanza, huondoa joto hilo upesi. Pili, hupunguza mitetemo ya atomi ndani ya silikoni, hivyo elektroni hupita kwa urahisi zaidi na transista hubadilika haraka. Ukinzani wa nyaya za shaba nao hupungua: kutoka 20 °C hadi −78 °C hushuka kwa zaidi ya theluthi moja. Tatu, hupunguza mkondo unaovuja kupitia transista zilizozimwa, ambao huongezeka kadiri chipu inavyopata joto.

Vifaa na utaratibu

Badala ya kipoza joto na feni, juu ya prosesa hufungwa chombo kizito cha shaba chenye umbo la kikombe kirefu. Kati ya shaba na prosesa hupakwa pasta ya kupitisha joto. Barafu kavu hupondwa na kutiwa ndani ya chombo pamoja na asetoni au alkoholi ya isopropili. Kiowevu hicho ni cha lazima, kwa sababu vipande vya barafu peke yake hugusa shaba mahali pachache tu, na gesi inayotoka huvisukuma mbali. Asetoni huganda kwenye −95 °C na alkoholi ya isopropili kwenye −89 °C, kwa hiyo zote hubaki majimaji kwenye halijoto ya barafu kavu. Maji yangeganda mara moja.

Adui mkubwa wa bodi mama ni umande. Mvuke uliomo hewani hugeuka maji na theluji juu ya kila kitu chenye baridi kali, na maji yakiingia kwenye saketi huleta shoti. Kwa sababu hiyo sehemu zote zinazozunguka prosesa, mbele na nyuma ya bodi, huzibwa kwa sponji isiyopitisha hewa au hupakwa mafuta mazito kama vaselini.

Baada ya chombo kupoa, saa ya bodi hupandishwa kidogo kidogo, megahezi chache kila mara. Kila hatua hujaribiwa kwa programu ya hesabu. Inayojulikana sana ni Super PI, inayokokotoa tarakimu za namba pai na kuonyesha muda uliotumika. Kompyuta ikikwama, volteji huongezwa kidogo au kasi hurudishwa nyuma.

Kiasi cha barafu kinaweza kukadiriwa. Kilo 1 ya barafu kavu hufyonza takriban kilojuli 571 inapogeuka gesi. Prosesa ya wati 143 hutoa kilojuli 143 kila sekunde 1,000, kwa hiyo kilo 1 ingetosha kwa sekunde 4,000 hivi, yaani saa 1 na dakika 7. Kwa hakika huisha mapema zaidi, kwa kuwa sehemu ya baridi hupotelea hewani na sehemu nyingine hutumika kupoza shaba yenyewe.

Mipaka

Si kila chipu hufaidika kwa kuzidisha baridi. Baadhi huacha kufanya kazi au hukataa kuwaka zikishuka chini ya halijoto fulani. Prosesa nyingi za AMD Athlon 64 zilijulikana kwa hitilafu hiyo, ilhali AMD Phenom II za mwaka 2009 zilisifiwa kwa kustahimili hata baridi ya heli majimaji. Kwa chipu yenye hitilafu ya baridi, nitrojeni majimaji haina faida kubwa kuliko barafu kavu.

Baridi pia haiondoi madhara yote ya volteji kubwa. Tabaka la kihami ndani ya transista lina unene mdogo sana, na volteji ikizidi hulitoboa. Pentium 4 za toleo la Northwood zilipata sifa mbaya kwa jambo hili: watumiaji wengi waliozipa zaidi ya volti 1.7 kwa muda mrefu walizikuta zimekufa ghafla. Ndiyo maana mpangilio wa volti 1.8 hutumika kwa majaribio mafupi tu, si kwa kazi ya kila siku.

Hatari kwa mtu

Barafu kavu ikishikwa kwa mkono mtupu huunguza ngozi kama moto. Ikifungiwa ndani ya chupa au chombo kisicho na tundu, gesi hujaa na chombo hupasuka. Asetoni na alkoholi hushika moto kwa urahisi.

Hatari inayosahaulika zaidi ni gesi yenyewe, kwa sababu haionekani. Kilo 1 ya barafu kavu hutoa takriban lita 540 za dioksidi kabonia. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina lita 30,000 za hewa. Kilo 3 zikiisha humo milango na madirisha yakiwa yamefungwa, gesi hiyo hufikia zaidi ya asilimia 5 ya hewa, wakati kiwango cha kawaida ni asilimia 0.04 tu. Kuanzia asilimia 3 hivi mtu huumwa kichwa na kuhema. Kiwango cha asilimia 4 huhesabiwa kuwa hatari kwa maisha, na kikizidi asilimia 10 mtu huweza kupoteza fahamu upesi na kufa.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara 1.5, hivyo hujikusanya chini. Wakazi wa eneo la Goma, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaijua kutokana na volkeno: mabonde madogo inamotuama huitwa mazuku, na wanyama na watu wamefia humo. Nchini Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, dioksidi kabonia iliyotoka katika Ziwa Nyos iliua watu wapatao 1,700. Kwa hiyo barafu kavu hutumiwa mahali penye hewa ya kutosha, kwa glavu na miwani ya kinga, na haiachwi ndani ya gari lililofungwa au chumba cha kulala.

Rekodi na maana yake

Tovuti ya HWBOT hupanga matokeo kwa kila aina ya prosesa, kwa hiyo hata chipu ya mwaka 1998 ina mashindano yake. Rekodi za juu kabisa hutumia nitrojeni au heli majimaji. Celeron D 352, prosesa ya bei nafuu ya gigahezi 3.2 iliyotoka mwaka 2006, imepita gigahezi 8 kwa nitrojeni majimaji. Mwaka 2011 AMD FX-8150 ilifikia gigahezi 8.429 na kuandikwa katika Guinness, ingawa viini 2 tu kati ya 8 ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi. Mwishoni mwa mwaka 2022 Intel Core i9-13900K ilipita kidogo gigahezi 9.

Namba hizi zina fundisho. Mwaka 1998 Pentium II ya kasi zaidi ilikuwa ya megahezi 450. Mwishoni mwa 2004 Pentium 4 ilifikia gigahezi 3.8, zaidi ya mara 8 katika miaka 6. Kinyume chake, rekodi za baridi kali kati ya 2011 na 2022 ziliongezeka kwa asilimia 7 tu. Mwaka 2004 Intel ilifuta mpango wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4, kwa kuwa joto lilikuwa limekuwa tatizo kubwa. Mwaka uliofuata ilitoa Pentium D yenye viini 2, na tangu hapo watengenezaji wameongeza viini na kuboresha kazi inayofanyika kwa kila pigo, badala ya kutegemea kasi ya saa peke yake.

Prosesa ya zamani chini ya barafu kavu huonyesha sababu ya mabadiliko hayo. Transista zake ziliweza kwenda kasi zaidi. Kilichokosekana ni njia ya kuondoa joto ambayo mtu angeweza kuitumia mezani kwake kila siku.