Behewa Mzee, Kapla Mpya

Wasee wa Mbweni, hebu tuongee ukweli. Ile boksi ya treni ndogo yenye ami alishuka nayo kutoka Toronto kitambo, hiyo imekaa juu ya kabati ikikula vumbi, bado iko na maisha. Kenye kiliiua si mota na si umri. Ni kapla, ule mkono wa plastiki unaoshikanisha behewa na behewa: ndoano nene na pembe moja imechomoza kando. Wapenzi wa hobi wanaiita X2f, na ndiyo ilikuja na karibu kila seti ya bei ya chini ya HO, ile skeli ya 1 kwa 87, kuanzia miaka ya 1950 hadi 1990 hivi.

Ikivutwa, fiti. Noma inaanza ukirudisha treni nyuma kwenye kona. Hiyo pembe inaskuma jirani kando badala ya kumskuma mbele, na juu kapla imejengwa ndani ya bogi, ile fremu ya magurudumu chini ya behewa, nguvu yote inaenda kwa magurudumu. Mbogi nzima inalala chini. Mtoi analia, boksi inarudi kabatini, watu wanasema treni za zamani ni takataka. Zii.

Na msidhani treni ni mambo ya bara. Mimi ni mtoto wa Eastlands, Nairobi, wana wa maskani hapa bado wananicheka nikifungua mdomo, lakini hii story nimekuta wengi hawana. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijenga reli ya maili kama saba kutoka jumba lake la mjini mpaka Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, halafu 1881 akaagiza injini ya moshi kwa Bagnall wa Uingereza. Alipofariki, reli ikang'olewa. Yaani ukiishi Mbweni uko katikati ya safari ya Sultani, na sijaona hata kibao. Kisha ikaja reli ya Bububu, 1905, kazi ya kampuni ya Kimarekani, ikipita vichochoro vya Malindi karibu igonge milango ya watu. Serikali ikainunua 1911, abiria wakaachwa 1922, na baada ya hapo ikabeba mawe ya bandari mpaka 1928.

Sasa cheki hesabu, hapa ndipo nilichizika. Reli ya HO ina upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 unapata 1435, upana wa SGR ya Dar hadi Dodoma iliyoanza kubeba abiria 2024. Reli ya Bububu ilikuwa milimita 914. Gawanya kwa 16.5 unapata 55 na kitu. Kwa hivyo chesi hiyo hiyo ya ami, ukiivisha bodi ya mbao ya skeli ya 1 kwa 55, inakuwa gari la Bububu. Kapla ya HO itaonekana ndogo kiasi juu yake, lakini reli nyepesi haikuhitaji mikono ya kubeba dunia.

Kapla ya kuweka ni ile ya ngumi. Kunja vidole vya kulia, vishikanishe na vya kushoto, ushaielewa. Kwa treni kubwa, hiyo dizaini ni ya Eli Janney, karani wa duka huko Virginia, aliyepewa hataza 1873. Kabla yake wasee walisimama katikati ya mabehewa wakitumbukiza pini kwa mkono, na wengi walirudi kejani bila vidole, mpaka sheria ya Marekani ya 1893 ikalazimisha kapla za kujishika zenyewe. TAZARA nayo inashikana hivyo. Kwa treni ndogo, majina ni mapacha Keith na Dale Edwards wa Oregon, ndio hao Kadee. Yao ina kimkia cha chuma chini: sumaku ikiwa katikati ya reli, mabehewa yanaachana bila kuguswa.

Kazi yenyewe ni mchana mmoja. Pindua behewa, kata ule mkono kwenye bogi, usiuonee huruma. Kapla mpya inakaa kwenye sakafu ya behewa, ndani ya kiboksi chake, na skrubu moja. Toboa kwa drili ya mkono, polepole, juu plastiki mzee inapasuka. Ukiwa mgeni chukua Kadee namba 148, springi zimeshikana na kapla yenyewe. Namba 5 ina springi bapa ya peke yake. Ile springi ndogo ya kwenye ngumi ikiruka imeenda, kwa hivyo ukiirekebisha fanyia ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani.

Kenye wengi huruka ni urefu. Katikati ya kapla panafaa kuwa karibu milimita 10 juu ya reli, na Kadee wana kipimo, namba 205. Ikiwa chini, ongeza washa juu ya bogi. Ikiwa juu, piga msasa pale behewa linapokalia bogi. Tofauti ndogo tu na ngumi moja inapanda juu ya nyingine, treni inakatika katikati ya mkeka. Mafuta ya cherehani usiguse kabisa. Hewa ya hapa ina chumvi, vumbi linaganda. Kwaruza ncha ya penseli, ule unga mweusi ndio mafuta yako. Bi mkubwa akiuliza penseli za mdogo wako zinaenda wapi, hiyo ni juu yako.

Halafu uzito. Kanuni ya wenye hobi ni aunsi moja, ongeza nusu kwa kila inchi ya behewa. La inchi 6 linafika aunsi 4, kama gramu 113. Mabehewa ya seti huwa mepesi mno, kwa hivyo bandika chubwi za mshipi ndani, wavuvi wanazo. Ni risasi hiyo, nawa mikono kabla ya urojo.

Behewa moja liache na kapla ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Litavuta yale hujafikia bado.