Picha Isipoteze Sura Njiani

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunaongea juu ya picha zilizo ndani ya simu yako, na kwa nini zinawafikia ndugu zikiwa na ukungu.

Usidhani ni mambo ya urembo tu. Baada ya mwaka 1994, watoto wa Rwanda waliopotezana na wazazi walitafutiwa familia kwa picha zilizoonyeshwa kambini, watu wakipita na kuangalia uso mmoja mmoja. Hadi leo picha inamsaidia anayetafuta ndugu, mradi sura ionekane.

Picha ya simu ni vinukta vidogo vidogo vya rangi. Kamera ya megapikseli 12 inatoa vinukta kama 4000 kwa 3000. Ukituma picha hiyo kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaibana ili isile bando, na upande mrefu unabaki na vinukta kama 1600. Kwenye kioo kidogo hutaona tofauti. Lakini chukua picha ya harusi yenye watu ishirini. Uso wa mama uliokuwa na vinukta 200 kwa upana sasa una 80. Siku utakapotaka kumkata mama peke yake umchapishe kwenye karatasi, utapata doa. Vinukta vilivyotupwa havirudi. Ziko programu zinazojisifu kusafisha picha, ila nyingi zinabuni sura tu, na sura ya kubuni itampoteza anayetafuta.

Basi ufanyeje? Ndani ya WhatsApp, usipitie alama ya picha. Gusa alama ya kuambatisha, chagua palipoandikwa Document, kisha itafute picha yako humo. Itakwenda nzima kama ilivyo. Ni kweli inakula bando zaidi, kwa hiyo picha za salamu zitume kawaida. Njia hii iwekee zile zenye uzito: picha ya pekee ya marehemu baba, cheti cha shule, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Na kama mko karibu, Bluetooth au memori kadi haili bando wala haipunguzi kitu. Skrinishoti achana nayo, inachukua kile tu kinachoonekana kwenye kioo.

Lakini hapa uwe mwangalifu. Faili nzima inabeba taarifa zake za ndani: tarehe, na kama kamera iliruhusiwa, hata mahali ulipopigia picha. Kwa mtu aliyekimbia watu wanaomtafuta, hilo si dogo. Kabla ya kupiga, ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kuweka mahali.

Wengine picha yao ni ya karatasi, imekunjwa tangu safarini. Itoe kwenye plastiki taratibu. Ikiwa imegandamana nayo, usiivute, ipige hivyo hivyo. Ilaze mlangoni mchana, penye mwanga bila jua kali. Futa lenzi kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ukungu mara nyingi. Zima flashi, inaacha weupe katikati. Shika simu juu yake, iwe sawasawa na karatasi, na usivute kwa zumu. Isogeze simu yenyewe. Piga tatu, uchague iliyo bora.

Ukitaka kuongeza mwanga au kukata kingo, tengeneza nakala kwanza, ufanyie kazi hiyo nakala. Picha za JPEG zinabanwa tena kila unapozihariri na kuzihifadhi upya. Ile ya asili iache kwenye memori kadi, na nyingine mpe ndugu mnayeaminiana, maana simu zinaibwa na kadi zinakufa.

(MUZIKI UNAPANDA)