Bwana Arusi Katika Shughuli ya Arusi Yake



Ukiingia mwezi wa Mfunguo Mosi, na khasa mwaka ambao karafuu zimezaa vizuri, ni shida kukuta kijiji katika Pemba kisicho na arusi. Kuanzia Konde mpaka Kengeja hulia dufu. Ukipita penye nyumba ya shughuli utawakuta wanawake wamekaa wakipeta mchele, wajomba wako barazani wakibishana juu ya gari za kuchukulia watu, na shangazi ameshika daftari la michango. Uliza sasa, "Bwana arusi mwenyewe yuko wapi?" Utaambiwa yupo tu, amelala, au ametumwa Chake Chake kununua mafuta ya kupikia. Naye ndiye mwenye arusi! Lililotakiwa kwake ni fedha na kipimo cha kanzu.

Hatusemi haya kwa kumcheka kijana, maana na sisi tulioa hivyo hivyo. Tulikuwa juu ya mkarafuu, pakacha halijajaa, tulipoitwa chini tukaambiwa kuwa tumekwisha posewa na siku imekwisha wekwa. Tukashuka, tukashukuru, tukapanda tena. Mambo yetu yalitengenea kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu, si kwa busara tuliyoitia sisi. Lakini katika miaka tuliyosomesha chuoni, na katika posa nyingi tulizotumwa, tumeyaona pia yale ambayo hayakutengenea, na moja katika hayo lina mkono wetu. Hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Shangazi hamo, na mjomba hamo. Anayetamka "nimekubali" ni kijana, na deni la mahari liko katika shingo yake, wala haliko katika shingo ya wale waliokwenda kumposea. Basi vipi mtu atakuwa nguzo ya jambo, na huku ndiye wa mwisho kupewa khabari zake?

Tutazame walivyofanya waliotutangulia. Sahl bin Saad (R.A.) amesimulia khabari ya yule mtu fakiri aliyetaka kuoa mbele ya Mtume (S.A.W.). Mtume alimuuliza ana nini cha kumpa mwanamke. Akasema hana ila shuka aliyojifunga. Akaambiwa akatafute, hata pete ya chuma. Akaenda, akarudi mikono mitupu. Mwisho aliozwa kwa Kurani aliyokuwa ameihifadhi. Sisi twaisomesha hadithi hii kila mwaka kwa ajili ya wepesi wa mahari, na ni kweli imo humo. Walakini mna jambo jingine ambalo hupita mbele ya macho yetu: aliyeulizwa ana nini ni muoaji mwenyewe. Hakuulizwa baba yake, wala hakuulizwa ami yake. Na Abdulrahman bin Auf (R.A.) alimaliza mambo yake yote hata Mtume (S.A.W.) hakujua mpaka alipomwona na alama ya manukato ya manjano, akamuuliza kulikoni. Akajibu kuwa ameoa mwanamke katika Ansari, na mahari ameijua hasa: dhahabu uzani wa kokwa ya tende. Ndipo alipoamrishwa afanye walima, japo kwa kondoo mmoja.

Sasa tuseme letu. Miaka michache iliyopita tulikuwamo katika jamaa waliokwenda kuposa kwa ajili ya kijana aliyesoma kwetu. Kijiji hatukitaji. Tulipokelewa vizuri, tukanywa kahawa kwa halua, kisha upande wa mke wakataja mahari: milioni tatu, moja taslimu na mbili baadaye. Ami yake yule kijana, kwa kuchelea tusionekane wanyonge, akasema papo hapo, "Tumepokea." Nasi tukatikisa kichwa. Katika njia ya kurudi tuliyasifu maneno yetu, tukaisifu halua pia, na hapana hata mmoja aliyeuliza ni nani atakayelipa. Kijana tulimkuta uwanjani akicheza mpira. Akaambiwa amekubaliwa, akafurahi, akarudi mchezoni. Jumla ya mahari hakuambiwa.

Siku ya kuoza, baada ya sala ya alasiri, sheikh aliyeozesha alipoitaja ile jumla msikitini, tulikuwa tumekaa mkabala na kijana. Tuliuona uso wake. Akasema "nimekubali" kwa sauti ambayo mashahidi walimtaka aikariri.

Na mahari hayakuwa peke yake. Kulikuwa na kilemba cha baba, na mkaja wa mama, na kipa mkono, na sanduku la nguo, kila kimoja kina kima chake. Hizi si bida za jana. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliziandika ada kama hizi za watu wa Mrima katika kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa huko Ujerumani mwaka 1903. Hatuzipigi vita. Kumtunza mama aliyelea ni jambo jema, na mwenye nacho atoe. Lakini kijana ajue kutenga: mahari ni haki ya mke mwenyewe kwa nassi ya sura ya An-Nisaa, aya ya nne, yenye kuamrisha wanawake wapewe mahari yao kwa ridhaa ya moyo. Hizo nyingine ni ada za watu, na ada huzungumzwa. Na moyo utaridhia vipi kutoa kitu ambacho mwenye moyo hakukijua mpaka amekaa mbele ya sheikh?

Yule kijana alikuwa na mikarafuu michache aliyorithi kwa marehemu baba yake. Ili apate ile milioni moja na gharama za ada, aliziuza karafuu zikali mtini, kwa bei ya mwenye shida. Wazee wetu walikuwa na mlango wao wa namna hii, wakiuita bei khiyari: mtu huuza shamba kwa sharti ya kulikomboa siku za mbele, na mara nyingi hizo siku za mbele hazikufika. Jina limebadilika, mlango ni ule ule. Nanyi wenye mashamba mwaujua mkarafuu: ukizaa sana mwaka mmoja, mwaka wa pili huweza ukapumzika usikupe hata cha kuchumia chumvi. Msimu ulipofika, mnunuzi akaja na wachumaji wake, na bwana arusi akapanda mikarafuu ya baba yake kama kibarua, akilipwa kwa pishi.

Baada ya hapo akafuatana na wavuvi wa dago kwenda pwani za Kenya kutafuta fedha. Akakaa mwaka na nusu. Mkewe akarudi kwa wazee wake. Siku moja yule binti, ambaye naye alisoma kwetu juzuu za mwanzo, alikuja na mdogo wake, akaamkia, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Maalim, mimi hizo milioni mbili zilizobaki sizitaki. Namtaka mume wangu. Nani alizitaja?"

Hatukuwa na jawabu. Tulichoweza ni kumwambia kuwa aya hiyo hiyo ya An-Nisaa imempa ruhusa ya kusamehe chochote katika mahari yake kwa khiari yake, bila ya kulazimishwa na mtu. Na kuwa asifanye haraka, afikiri, awaulize wazee wake. Akafikiri siku tatu, akasamehe, na sisi tukaandika barua ya kwenda Kenya kwa mkono wetu. Mume alirudi kabla ya Ramadhani. Alhamdulillahi. Lakini mwaka na nusu wa ujana wao haurudi kwa barua.

Tena kuna walima. Wengi wetu twadhani karamu kubwa ni ya nyumbani kwa bibi arusi, na baba wa binti hukopa ng'ombe na mchele ili asiaibike mbele ya wageni wa mume. Katika sharia walima ni sunna juu ya mwenye kuoa. Ni karamu yake, kwa kadiri yake, Mtume (S.A.W.) alipomwoa Bibi Safiyya (R.A.) walima ilikuwa ya tende na samli na maziwa yaliyokaushwa. Basi bwana arusi na aulize: masufuria mangapi? Nani kaalikwa? Yule mzee anayekaa peke yake nyuma ya msikiti ameitwa? Kwani imekuja katika hadithi kuwa chakula kiovu ni cha walima wanaoitiwa matajiri wakaachwa mafakiri. Haya si mambo ya kumwachia shangazi na daftari lake, ingawa daftari nalo lina kazi.

Mambo ya nguo, joho, kilemba na picha, hayo tunayaacha. Vijana wanayajua kuliko sisi.

Lakini la kumtazama mposwa na kupata ridhaa yake hatuliachi. Mughira bin Shuuba (R.A.) aliamrishwa amtazame mwanamke aliyemposa, maana hilo huleta mapatano. Na Khansaa binti Khidam (R.A.) aliyeozwa na baba yake bila ya kuridhia, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) na ndoa ile ikabatilishwa. Kijana asitosheke na neno la washenga kuwa "binti amenyamaza." Na atume dada yake au mama yake akapate yakini.

Jambo moja limetushughulisha. Bibi arusi wa kwetu hutiwa ndani, akapewa somo wa kumfunza. Tangu mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimwachia binti yake utendi mzima wa mafunzo ya ndoa, na mpaka leo watu wausoma. Kijana wa kiume apewa nini? Hupewa kinyozi na mizaha ya wenziwe. Anaingia chumbani hajui nafaka ni nini, hajui talaka yatoka vipi mdomoni, hajui mkewe anakaa wapi akigombana na mama yake. Twawaomba wazazi, kabla ya kushona kanzu, mpelekeni kijana kwa sheikh wa mtaa wenu jioni sita au saba akasome mlango wa nikahi.

Na sisi tumejifunza letu. Siku hizi hatukubali kutumwa posa mpaka tumekaa na kijana faragha, bila ya ami wala mjomba, tukamuuliza kama Mtume alivyouliza: una nini? Wengine hukasirika. Juzi alikuja kijana mmoja seremala, nasi tukamuuliza hivyo. Hakusema neno, alitoa penseli sikioni, akaandika juu ya kipande cha ubao: laki nane, zote taslimu, na kitanda nitachonga mwenyewe. Tukauchukua ubao vile vile mpaka kwa mzee wa binti. Mzee akavaa miwani, akasoma, akaugeuza upande wa pili kuangalia kama pana kilichobaki. Ami wa kijana akaanza kuomba radhi. Mzee akamnyamazisha kwa mkono, akatuuliza:

"Kitanda cha mti gani?"