Hakimu hatumchagui, lakini tunaweza kumkataa

Ndugu mliohama makwenu, mimi hutetea mahakamani hapa Lubumbashi watu wasio na franga za wakili. Wengi huniuliza: tutapataje hakimu mwenye haki na huruma? Kwa Katiba ya 2006, Rais huteua mahakimu kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu. Sisi hatupigi kura. Lakini sheria ya Aprili 2013 inaruhusu kumkataa hakimu aliye ndugu au rafiki wa karibu wa upande wa pili, au mwenye faida yake katika kesi. Mkijua hivyo, mwambieni karani wa mahakama mara moja, mkieleza sababu. Mkingoja hukumu isomwe, linabaki kukata rufaa tu. Ukali peke yake si sababu: nimemwona hakimu mkali akiahirisha kesi ili mama mjane apate mkalimani.